Kichwa chako kizito cha pua ya mviringo hakitengenezwi tena? Hivi ndivyo unavyotafuta mbadala wa kujazia

Kama unajaza risasi zako mwenyewe na bunduki yako ni ya kizazi cha zamani, za kalibari kama 6.5x54 Mannlicher, 7x57, .303, 9.3x62 na nyingine za ukoo huo, shida hii unaijua vizuri. Kile kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) kizito cha pua ya mviringo ulichozoea kinaanza kuandikwa kimeisha kwa muda, afu miezi inapita, afu unakuta hakipo kabisa kwenye katalogi. Sababu inaeleweka, wanunuzi wengi siku hizi wanataka vichwa vyenye ncha kali vya kupiga mbali na kiwanda kinapeleka mashine zake huko. Pigo kubwa zaidi lilikuja 2021 moto ulipounguza kiwanda cha Woodleigh pale Murtoa, Australia, maana hao ndio walikuwa wanatengeneza saizi ambazo wengine walishaziacha kitambo.

Sasa wakuu, watu wengi wakishafika hapo wanakimbilia kutafuta uzito uleule, kama kilikuwa cha greini 160 (greini 7000 ni ratili moja) basi chochote cha greini 160. Mi nasema anza na bunduki kwanza, uzito utakuja baadaye.

Zile bunduki zilizaliwa na vichwa hivyo. Baruti isiyo na moshi ilipoingia miaka ya mwisho ya 1800 majeshi yalikuwa yanatumia vichwa virefu vizito, .303 ilikuwa na greini 215, 7x57 ilikuwa na 173, 6.5x55 za Sweden zilikuwa na 156, .30-40 Krag ilikuwa na 220. Ndo maana mistari ya ndani ya mitutu yao, ile inayokizungusha kichwa, imesokotwa haraka, 6.5x55 inazunguka mara moja kila milimita 200, 7x57 kila milimita 220 hivi, na koo la mtutu, ile sehemu kabla ya mistari kuanza, limechongwa refu ili kile kichwa kikae vizuri. Baadaye Wajerumani wakahamia kwenye ncha kali nyepesi 1905, Wamarekani 1906, Waingereza 1910, lakini bunduki nyingi za kuwindia ziliendelea na koo lilelile refu. Ukiweka humo kichwa kifupi chepesi kinaruka safari ndefu kabla hakijashika mistari ya mtutu, afu unashangaa shabaha imetawanyika.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fanya hivi. Vichwa vya zamani ukibakiwa navyo vichache usivipige vyote, weka vitano pembeni viwe sampuli. Pima urefu wa kichwa kizima, pima unene wake, pima kutoka kitako mpaka pale unene kamili unapoishia na pua inapoanza kupinda, hicho kipimo cha mwisho ndo muhimu kuliko vyote kwa sababu ndicho kinachokwambia kichwa kinagusa mtutu kwa urefu gani na kinakutana na mistari wapi. Andika pia urefu wa risasi yako nzima iliyokuwa inakubali. Kichwa chenye ncha cha uzito uleule ni kirefu zaidi, ukikiweka kigusane na mistari palepale risasi inakuwa ndefu haiingii kwenye magazini, ukikizamisha ili iingie kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda na presha inapanda.

Mannlicher-Schönauer ndo ngumu kuliko zote hapa, ile magazini yake ya kuzunguka imetengenezwa kwa umbo la pua ya mviringo na kwa urefu ule, ukibadilisha umbo inaweza kukataa kabisa kulisha. Tengeneza risasi bubu kadhaa, bila baruti wala praima (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), zipitishe kwenye magazini taratibu afu haraka haraka, ndo ununue boksi. Na kama bunduki yako ni ya magazini ya bomba chini ya mtutu, kama zile za .30-30 na .35 Remington, ncha kali ya kawaida usiiguse kabisa, ncha ya risasi ya nyuma inalala juu ya praima ya risasi ya mbele na kishindo cha bunduki kinaweza kuilipua. Huko ni pua bapa, pua ya mviringo, au zile zenye ncha laini ya mpira zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Unene nao uwe nao makini sana. 8x57 za zamani zina mtutu wa inchi .318 na za baadaye .323, kichwa cha .323 kwenye mtutu wa .318 ni hatari ya kweli, usiamini maneno yaliyochongwa tu, pitisha kipande cha madini laini ya risasi kwenye mtutu ukipime. Mitutu ya .303 pia inatofautiana sana, na .318 Westley Richards, licha ya jina, inatumia kichwa cha .330.

Ukishajua vipimo, sasa tafuta. Pa kuanzia ni mtengenezaji mwingine wa umbo lilelile, Norma Alaska ya 6.5 ni ya greini 156 na pua ya mviringo, Lapua wana Mega ya 155, kwa 7x57 na 8x57 waangalie PPU wa Serbia, na RWS vichwa vyao wanavyoviita TMR ni hivyo hivyo vya pua ya mviringo. Tofauti ya greini nne tano haina shida. Ukikosa, tafuta cha pua bapa au ncha butu chenye urefu wa kugusa mtutu unaokaribiana na sampuli yako.

Njia nyingine ni kushuka kwenye uzito lakini kupanda kwenye ubora. Uzito wa zamani ulikuwa unatafuta kupenya. Ukichukua uzito kwa ratili ukagawa kwa unene wa inchi uliozidishwa kwa wenyewe unapata SD, namba ambayo ikiwa kubwa kichwa kinapenya zaidi, 6.5 ya greini 160 ni .328, ya 140 ni .287, ya 9.3 greini 286 ni .305. Kichwa laini cha zamani kilipoteza sehemu ya uzito wake ndani ya mnyama, cha kisasa ambacho koti lake la nje limegandishwa na kiini cha ndani, kama Norma Oryx, kinabaki na sehemu kubwa, so cha greini 140 kinaweza kuingia kina kirefu karibu kama babu yake. Ila angalia spidi. Kalibari hizi nyingi zinaenda taratibu, na kichwa kigumu kikifika kwa mnyama kimechoka hakifunguki, kinatoboa tundu dogo na mnyama anaenda kuteseka mbali. Mtengenezaji anasema spidi ya chini ya kufunguka, linganisha na spidi yako ya kronografu (kifaa cha kupimia spidi ya kichwa) kwa umbali unaopiga.

Vya shaba tupu ni vizuri na sehemu nyingine ni lazima, California imepiga marufuku madini ya risasi kwenye uwindaji tangu 2019. Lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi kwa hiyo kichwa kinakuwa kirefu, na urefu ndo unaodai msokoto. Kanuni ya Greenhill ya 1879 inasaidia kukadiria msokoto: 150 mara unene mara unene, gawa kwa urefu, vyote inchi. Kichwa cha 6.5 chenye urefu wa inchi 1.3 kinadai msokoto wa inchi 8 hivi, na hiyo ni kwa kiini cha madini ya risasi, shaba inadai zaidi kidogo. Kwa hiyo shaba usitafute 160, shuka mpaka 120 au 130. Na kama una bunduki ya mitutu miwili ya zamani, shaba ngumu iulizie kwanza kwa fundi, mitutu ile ni myembamba na imelinganishwa ipige pamoja kwa uzito na spidi maalum.

Kuna pia kumimina mwenyewe kwa ukungu, pua ya mviringo nzito ndo umbo linalomiminika vizuri, weka kikofia cha shaba kitakoni, kinene kuliko mtutu kwa elfu moja au mbili za inchi, spidi ya wastani, na hewa ipite unapoyeyusha.

Chochote utakachochagua, kichwa kipya ni mzigo mpya, yaani kipimo kipya cha baruti. Usichukue kipimo cha baruti cha kichwa cha zamani hata kama uzito ni uleule, fuata kitabu cha kichwa hichohicho, anzia kipimo cha chini kabisa, panda kidogo kidogo ukiangalia praima iliyobapaa, bolti nzito kufunguka, alama kwenye kitako cha ganda. Bunduki ya Krag bolti yake ina kufuli moja tu ya mbele, haina msamaha. Kikikosekana kitabuni muulize mtengenezaji, na asipokuwa na data achana nacho.

Ukishakipata kinachokubali nunua cha kutosha kwa misimu kadhaa, vyote viwe vya namba moja ya toleo. Na ukikuta maboksi ya zamani ya kile kichwa chako kwa mtu, pima uzito na unene wa kadhaa kutoka kila boksi, vyenye unga mweupe kwenye pua viache.