Una kisukari? Hivi ndo unavyolicheki ini lako mapema

Kama una kisukari aina ya 2 najua unapima sukari, presha, macho, hata miguu inaangaliwa, ila ini linasahaulika sana, na shida ni kwamba ini haliumi, linaweza kuota makovu miaka na miaka na wewe unajisikia mzima kabisa.

Huko ndani iko hivi. Mwili ukishakuwa mgumu kuisikia insulini, mafuta yanaachiwa kwenye damu na ini linayapokea, na hapohapo ini lenyewe linageuza sukari iliyozidi kuwa mafuta. Seli za ini zinajaa vitone vya mafuta, zikizidiwa zinavimba kama puto, nyingine zinakufa. Sasa jirani yao kuna seli zenye umbo la nyota ambazo siku zote zinatunza vitamini A kimyakimya, zikishtuliwa na hayo majeraha zinabadilika, zinaiachia ile vitamini zinaanza kumwaga kolajeni, protini ileile inayofunga kidonda cha ngozi. Kidonda cha ngozi kikifunga basi, ila huku kinachojeruhi bado kipo, kwahiyo ni kovu juu ya kovu. Madaktari wanayapanga makovu hayo kuanzia F0 (hakuna kovu) mpaka F4, na F4 ndo sirosisi, yaani ini limejaa makovu.

Cha kufanya sasa, toa majibu yako ya damu utafute AST na ALT (vimeng'enya vya ini) na pleteleti, yaani chembe za kugandisha damu (tumia namba fupi, 180 sio 180,000). Zidisha umri wako kwa AST. Halafu kipeuo cha pili cha ALT zidisha kwa pleteleti. Ile ya kwanza igawe kwa hii ya pili. Mfano mtu wa miaka 58, AST 38, ALT 36, pleteleti 180: 58 mara 38 ni 2204, kipeuo cha 36 ni 6, mara 180 ni 1080, ukigawa unapata 2.04. Hiyo ndo FIB-4, namba ya kukadiria hatari ya makovu kwenye ini. Chini ya 1.3 hatari ni ndogo (ukifika miaka 65 tumia 2.0), juu ya 2.67 nenda kwa daktari wa ini, katikati hapo omba kipimo cha ugumu wa ini kama FibroScan. Na umwone huyo wa mfano, karatasi yake haina namba hata moja mbaya, angeambiwa tu uko sawa akaenda zake nyumbani!

Rudia hesabu kila mwaka au miwili.

Uzito ukipungua asilimia 5 mafuta ya ini yanapungua, ukifika 10 hata makovu yanaweza kurudi nyuma, yaani mtu wa kilo 90 atoe 9, taratibu. Pombe achana nayo. Metformini inashusha sukari vizuri tu ila makovu haiyatoi, kwahiyo muulize daktari kuhusu semaglutide (dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito), usiache wala kubadili dawa mwenyewe. Na kama tayari ni sirosisi, ultrasaundi kila miezi 6, maana hapo saratani ya ini ndo inatafutwa ingali ndogo.