Kuni za nyama choma New York: ununue wapi, ubebe vipi, usisumbuliwe

Joto likianza tu huku New York, magrupu ya WhatsApp yanajaa mipango ya kwenda kulala kambini, nani analeta mbuzi, nani ana grili, nani ana hema kubwa, na hapakosi mkarimu mmoja wa kusema kuni aachiwe yeye, jirani yake kaangusha mti anataka zitoke uani hata leo. Basi kabla hajapakia, asome hapa. Jimbo hili lina sheria ya kuni na wengi wetu tunaisikia mara ya kwanza tukiwa getini, buti la gari limejaa.

Sheria yenyewe ni fupi. Kuni mbichi, yaani ambazo hazijapitishwa kwenye joto maalum (kukauka kwa jua hakuhesabiki), haziingii New York kutoka jimbo lingine, hata ukitoka Erie pale Pennsylvania unakuja Buffalo. Za humu humu ndani haziruhusiwi kwenda zaidi ya maili 50 kutoka zilikotoka, hiyo ni kama kilomita 80, na inapimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, sio vile barabara inavyozunguka. Na hata ndani ya hizo 50 lazima uwe na karatasi. Ukinunua, hakikisha una risiti au lebo inayoonyesha zimetoka wapi. Ukikata mwenyewe, kuna cheti cha asili kwenye tovuti ya DEC, ile idara ya mazingira ya jimbo, unakijaza mwenyewe kwamba kuni zimetoka wapi, unatembea nacho. Hakuna foleni, hakuna mtu wa muhuri, sisi tuliozoea kuzungushwa ofisini tunaona kama mtego lakini ndo hivo.

Kuni zilizotibiwa ndo zinaenda popote ndani ya jimbo. Hizo zimepikwa mpaka moyo wa gogo ukafika nyuzi 71 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 75. Kwenye mfuko wa kuni tafuta maneno New York Approved. Angalia vizuri hapa, kuna mifuko inasema tu kuni zimekaushwa kwa tanuri, na watu wanadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Tanuri la kukausha linaweza kwenda kwa joto la chini, kuni zikakauka vizuri tu na mdudu akabaki hai.

Mdudu gani? Ni wengi, ila aliyewachosha zaidi ni mbawakawa mmoja mdogo wa kijani kinachometameta, asili yake Asia, aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti ya ashi (kwa Kiingereza ash). 2009 akaonekana New York, kaunti ya Cattaraugus. Anataga mayai kwenye gome, funza wanaingia chini ya gome na kula ile tabaka inayopitisha chakula cha mti, wanachimba njia za kupinda pinda kama herufi S mpaka mti unakufa kwa njaa. Mwenyewe akiruka haendi mbali sana. Lakini ukipasua gogo, funza hana habari kwamba mti umekatwa, anaendelea kukua humo humo, na kiangazi kinachofuata anatoka akiwa na mabawa, saa hiyo gogo liko kambini maili 300 kutoka nyumbani kwako. Ndo maana wanahangaika na buti la gari lako, mdudu amepewa lifti.

Wakenya wa umri wangu mnakumbuka saipras zilivyokauka miaka ya 90 kwa sababu ya wale chawa wa miti, ua zima la shule linageuka rangi ya kutu. Basi ndio hayo hayo, ila huku wameamua kufunga barabara.

Sasa, kuna mtu ataniambia mbona serikali kuu iliondoa karantini ya huyo mdudu wa kijani Januari 2021? Ni kweli iliondoa, lakini sheria ya jimbo ilibaki, na kila jimbo lina yake. Maine na Vermont hazitaki kabisa kuni mbichi za nje. Wisconsin kwenye mapaki ya jimbo ni maili 10 tu, ukizidisha ziwe zimeidhinishwa. Kwa hiyo usichukue ushauri wa binamu yako aliye Ohio, soma sheria ya unakokwenda. Na kuvuka na kuni mpakani Canada pale Niagara, sahau.

Kuangalia kuni kwa macho kunasaidia kidogo. Tundu dogo la milimita 3 hivi, upande mmoja bapa mwingine duara kama herufi D, huyo ni yule wa kijani. Tundu la mviringo linaloweza kumeza ncha ya penseli, na ni mti wa mepo (maple), huyo ni mbawakawa wa pembe ndefu aliyeonekana Brooklyn 1996. Huko Worcester, Massachusetts, wamekata zaidi ya miti 30,000 kwa ajili yake. Huyo piga picha, ripoti DEC. Lakini gogo lisilo na tundu lisikudanganye, manake tundu ni la kutokea. Kama hajatoka bado, utaliona wapi?

Kwa hiyo njia rahisi ni kununua karibu na kambi. Wengi huuza hapo hapo getini au kwenye vibanda vya njiani, na ni bei ya kawaida tu. Nunua za kuisha usiku ule. Halafu kwa nyama choma yenyewe, mimi nasema beba makaa, yameshapita kwenye moto mkali na mdudu hawezi kubaki humo, na tuseme ukweli nyama ya makaa ni tamu kuliko ya moshi wa kuni za mvua. Kuni zibaki za kuotea usiku na stori.

Na kama umeshafika nazo kutoka mbali? Usizitupe porini na usizirudishe nyumbani. Choma zote mapema, kisha fagia magome na vumbi lililobaki pale chini pamoja na lile la kwenye buti, vyote motoni.