Kumzalisha mbwa nyumbani: saa, taulo na subira

Nimekesha na majike wengi wenye uchungu, na mara nyingi aliyeharibu mambo ni mwenye mbwa, si mbwa. Jike mwenye afya anaijua kazi yake. Yako ni kutazama saa na kujua dakika ya kuingilia.

1. Wiki ya mwisho

Mimba huchukua siku 63 hivi. Ukihesabu tangu alipopandwa, 58 hadi 68. Andaa sanduku pana mahali tulivu pasipo na upepo, umzoeze kulala humo mapema, la sivyo atakuzalia chini ya kitanda. Weka karibu taulo nyingi, uzi, mkasi uliochemshwa, ayodini, mizani ndogo, na namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu usiku. Baada ya siku ya 55, eksirei huonyesha idadi ya watoto. Usipoijua, utajuaje kama amemaliza?

2. Kipimajoto

Mpime asubuhi na jioni, njia ya haja kubwa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.2, mara nyingi uchungu huanza ndani ya saa 24. Atakataa chakula, atahema, atafukua matandiko kana kwamba kuna kitu alikizika humo. Hali hii huchukua saa 6 hadi 12, pengine zaidi. Mwache. Na usiwaite watu waje kutazama.

3. Watoto wakianza kutoka

Andika saa aliyoanza kusukuma kwa nguvu. Mtoto huja ndani ya utando unaoteleza. Akitanguliza miguu ya nyuma usishtuke, kwa mbwa ni kawaida. Mama huupasua utando, humlamba mwanawe na kukata kitovu kwa meno.

Wanaozaa mara ya kwanza huzubaa, wengine humtazama mtoto kana kwamba kaletwa na mgeni. Dakika moja ikipita, ingia. Pasua utando ukianzia puani, futa ute mdomoni, mwinamishe kichwa kidogo, kisha msugue mgongo kwa taulo kavu, kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa. Ile tabia ya kumshika na kumpunga hewani iache, inaumiza ubongo. Mmoja nilimsugua hadi mkono ukafa ganzi, nikawa nawaza pa kumzika. Akalia kama bawaba kavu.

Kama mama hakukata kitovu, kifunge uzi sentimita 2 kutoka tumboni, kata ng'ambo ya fundo, chovya ayodini. Mtoto akikwama nusu nje, mshike kwa taulo, mvute taratibu kuelekea chini, tena mama anaposukuma tu.

Hesabu makondo ya nyuma: kila mtoto na lake. Mama akila moja au mawili, sawa. Akiyala yote ataharisha.

4. Hapa usisubiri asubuhi

Mpigie daktari ikiwa amesukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, zimepita saa 2 tangu mtoto aliyetangulia na unajua wengine wamebaki, ute wa kijani au mweusi umetoka kabla ya mtoto wa kwanza, au damu inachuruzika. Sindano ya kuongeza uchungu usimchome mwenyewe hata ukiipata kwa urahisi: njia ikiwa imezibwa, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

5. Joto kwanza, maziwa baadaye

Mtoto mchanga hajui kutetemeka, kwa hiyo hupoa haraka. Wiki ya kwanza sanduku liwe na nyuzi 29 hadi 32. Chupa ya maji ya moto iviringishe kitambaa, uiweke upande mmoja ili anayeungua apate pa kukimbilia. Aliyepoa usimlishe, tumbo lake halisagi. Mpashe moto kwanza. Wote wanyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 12.

Wapime uzito kila siku, saa ileile. Na wiki za kunyonyesha, mama akianza kutetemeka na kukakamaa miguu, huo ni upungufu wa kalsiamu: watoe watoto kwenye chuchu, mkimbize kwa daktari usiku huohuo.