Masta ya rasilimaliwatu ukiwa Chake na kazi yako mkononi

Muhula wa kwanza nilipata 9 kati ya 20 kwenye swali ambalo nilijua nimelipatia. Lilihusu mfanyakazi wa kampuni moja ya Chake Chake, Pemba, anayedai likizo ya uzazi. Nikaandika siku 84 bila wasiwasi, kama zilivyo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwalimu akaizungushia 84 wino mwekundu, na pembeni akaandika: "Huyu yuko Chake au Chalinze?"

Kwa hiyo naanzia hapo. Mambo ya kazi si ya Muungano. Mifano mingi utakayofundishwa inatoka Bara, na sheria ile ya 2004 ni ya Bara. Yetu sisi Zanzibar ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo. Kwa mtumishi wa Serikali, ongeza Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Zichapishe, zitie jalada, uzisome kabla muhula haujafunguliwa. Mimi nilikuwa afisa utumishi kwa miaka tisa na sijawahi kuisoma ile ya ajira kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa naendesha mambo kwa nyaraka na kwa mazoea ya aliyenitangulia.

Kujiunga hakuna maajabu. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza yenye wastani wa kuanzia 2.7 kwa kipimo cha 5, na wewe hakikisha programu imeidhinishwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba. Mimi nilichagua kwingine, vipindi vya mwisho wa wiki Unguja, na nauli sikuipigia hesabu ipasavyo: daladala ya 603 mpaka Mkoani, meli, kisha kumtafuta wa kulala kwake. Shangazi yangu wa Mwanakwerekwe hakunung'unika hata siku moja, lakini usimfanye shangazi wa mtu kuwa mpango wako wa masomo.

Hesabu ya muda ndiyo watu wanayoikimbia. Shahada ya uzamili ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za masomo, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,800. Mimi nilisoma baada ya sala ya alfajiri, saa moja na nusu kila siku ya kazi, na saa nne na nusu mwisho wa wiki. Jumla saa 12 kwa wiki. Gawa mwenyewe: wiki 150, karibu miaka mitatu. Nilipoambiwa nitamaliza kwa miezi kumi na minane nilicheka, ila nilicheka baadaye.

Sasa tasnifu, maana wengi hukwama huko. Usitafute mada mtandaoni. Fungua kabati la ofisini kwako. Mimi yangu ilitoka kwenye daftari la mahudhurio. Nilikuwa nalifunga mwisho wa mwezi, msimu wa karafuu umepamba moto, nikaona saini za watu wanne zimetoka kwa kalamu moja, wino ule ule wa buluu unaovuja, na herufi ya mwisho ya wote wanne ina mkia mmoja. Mtu mmoja kawasainia wenzake, wao wako mikarafuuni. Siku hizo zote nilikuwa nikiita utoro na kuandika barua za onyo. Msimamizi wangu aliponiuliza, "Kwa nini siku hizi tu na si nyingine?", mada ikawa imepatikana.

Ukubwa wa sampuli, yaani watu wangapi uwahoji kati ya wote, wengi tunatumia kanuni ya Yamane: idadi yote, gawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalolikubali. Watumishi wangu walikuwa 240, kosa 0.05, yaani 240 gawa kwa 1.6. Jibu 150. Ijue kwa mkono, kwa sababu siku ya kutetea hawatakuuliza SPSS, ile programu ya takwimu, imesema nini, watakuuliza 1.6 umeipata wapi.

Dodoso liandike kwa Kiswahili, tena ulijaribishe kwa watu watano kabla ya kulichapisha lote. Mimi niliandika "Je, unaridhika na motisha kazini?" Mlinzi mmoja mzee, amebakisha mwaka kustaafu, akavua miwani. "Mwanangu, motisha hii ndiyo zile posho za semina? Mbona mimi siitwi?" Yuko sahihi. Kwetu motisha ni pesa. Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1959 aliuweka mshahara kwenye kundi la vitu ambavyo vikikosekana vinaudhi, lakini kuwepo kwake peke yake hakumsukumi mtu. Vinavyomsukuma, kama kushukuriwa na kupewa jukumu, aliviweka kundi la pili. Basi swali langu moja lilichanganya makundi yake yote mawili. Nikalivunja: moja la malipo, moja la kushukuriwa, moja la kupewa jukumu. Kati ya dodoso 150 nilirudishiwa 131.

Kibali cha utafiti kiombe mapema, hata kabla pendekezo halijakaa sawa kabisa. Barua ya chuo haitoshi, Zanzibar unahitaji kibali cha Serikali. Mimi nilianza kugawa dodoso kwa barua ya chuo tu na taasisi ya pili ikanirudisha mlangoni, kwa adabu, pamoja na bahasha yangu. Wiki tano zikapotea. Kikitoka, toa kopi sita au saba. Kila ofisi utakayoingia itabaki na moja, na asili usimwachie mtu, hata akikuapia kwamba anakwenda kuigonga muhuri chumba cha pili.