Mtoto akivushwa mpaka wa Sirari au Mutukula bila ridhaa yako: pa kuanzia ukiwa Mwanza

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mwanza. Kesi za aina hii mara nyingi hutufikia zimeshachelewa: mzazi kabembeleza kwa simu wiki nzima, wakwe wameitana vikao, na mtoto keshaandikishwa shule Migori, Kenya, au Masaka, Uganda. Vikao vya ukoo viendelee, ila visikuzuie kuchukua hatua hizi.

Kabla ya yote, usiuziwe matumaini. Mkataba wa Hague wa 1980 unazitaka nchi wanachama kumrudisha haraka mtoto aliyehamishwa isivyo halali. Tanzania si mwanachama, wala Kenya, wala Uganda. Hata akipelekwa Uingereza, ambayo imo, mkataba haukusaidii, kwani ni lazima nchi zote mbili ziwemo. Anayekuomba hela akufungulie "kesi ya Hague", achana naye. Utapita mahakama mbili: ya hapa, kisha ya kule aliko mtoto.

Hatua ya 1: Ripoti leo hii. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, uchukue namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), kisha umwone afisa ustawi wa jamii. Ukikwama, piga 116, ni bure, na Kenya na Uganda pia wanatumia namba hiyo. Kama hajavuka, taja basi, saa lilipoondoka na mpaka unaoushuku, Uhamiaji wajulishwe. Kama hujui alipo, waombe polisi wapeleke taarifa Interpol, shirika la polisi la kimataifa.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi. Cheti cha kuzaliwa na picha ya karibuni kila mtu anavikumbuka. Kinachosahaulika ni ushahidi kwamba maisha ya mtoto yalikuwa Mwanza, na hapo ndipo penye kesi. Tafuta kadi ya kliniki. Kila tarehe aliyopimwa uzito inaonyesha alikuwa wapi na mwezi gani, na iliandikwa na muuguzi asiye na upande katika ugomvi wenu. Ongeza ripoti za shule, risiti za ada na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Meseji usifute hata moja. Ile inayosema "nimemchukua, hutamwona tena" ipigwe picha, namba na tarehe zionekane.

Hatua ya 3: Fungua maombi Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hati ya dharura (ya kuiomba mahakama isikilize haraka) na kiapo chako. Omba amri ya muda ya kukaa na mtoto, amri ya kurejeshwa, na zuio la kumtoa tena nchini. Omba pia uruhusiwe kumpigia mtoto simu kila wiki wakati kesi inaendelea. Wengi hawaombi hili, na mtoto mdogo husahau sauti upesi. Kina baba, Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, lakini hilo hupingwa kwa ushahidi.

Hatua ya 4: Ipeleke amri ng'ambo. Amri ya Mwanza haimbani polisi wa Migori. Tafuta wakili wa kule, aiombe mahakama yao iitambue. Beba nakala iliyothibitishwa na mahakama, na kama imeandikwa kwa Kiswahili ipate tafsiri, maana Mahakama Kuu za Kenya na Uganda zinaendesha kesi kwa Kiingereza. Hakimu wa kule atapima upya maslahi ya mtoto, kwa hiyo zile karatasi zote zisafiri nawe.

Tafadhali usiende kumnyakua usiku. Utageuka mshtakiwa katika nchi ya watu, na mtoto atang'olewa mara ya pili.

Siku ya kumchukua, nenda na amri ya kule mkononi, ukiwa na afisa wa watoto wa eneo hilo. Pasipoti yake ikiwa imefichwa, ubalozi wetu Nairobi au Kampala unaweza kumpatia hati ya dharura ya kusafiria. Wahi mapema, na cheti chake cha kuzaliwa.