Kabla ya kutunga hojaji, soma swali lako upya

Unapoandaa pendekezo la utafiti, usianze kwa kuchagua mbinu. Anza na swali lenyewe. Likiuliza "wangapi" au "kwa kiasi gani", unahitaji mbinu ya kitakwimu: hojaji, yaani orodha ya maswali, na sampuli ya nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu bila upendeleo. Kwa kundi kubwa sana, takriban watu 385 wanatosha kukadiria asilimia kwa kiwango cha uhakika cha 95%, kosa likiwa 5% juu au chini.

Likiuliza "kwa nini" au "wanalionaje", tumia mbinu ya kimaelezo, yaani mahojiano yanayochimba maoni ya watu. Hapa wingi wa watu si hoja. Unaendelea kuhoji mpaka mahojiano mapya yasilete jambo jipya. Ndiyo maana naumia nikiona mtu amehoji watu 12 kisha anaandika "75% walisema". Hao ni watu 9 tu, tena aliowachagua kwa makusudi! Andika walichosema, kwa maneno yao.

Ukizihitaji zote mbili, tanguliza mahojiano machache. Yatakupa maneno ambayo wahojiwa wenyewe huyatumia, nawe uyatie kwenye hojaji. Hojaji iliyotungwa mezani mara nyingi huuliza jambo ambalo mhojiwa halielewi kama unavyolielewa wewe.