Somo: Kuvua harr kwa nzi wa bandia mto Vindel, pamoja na watoto na wageni

Habari zenu wanachama. Wengi mmeuliza jinsi ya kuipeleka familia kuvua kwenye mito ya kaskazini mwa Sweden bila mashua na bila kumlipa mwongozaji. Somo hili ni la mto Vindel, hasa pande za Sorsele na Ammarnäs, na ni la samaki mmoja tu: harr (kwa Kiingereza grayling). Tutamvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ili ifanane na mdudu.

Nimemchagua harr kwa makusudi. Samoni anaweza kukusimamisha mtoni siku nzima bila kukugusa, na mtoto hatarudi tena. Harr hula mchana kweupe, hukaa kwa makundi, na akikosa nzi mara ya kwanza huwa radhi kujaribu tena. Utamtambua kwa pezi la mgongoni, pana kama tanga la ngalawa.

Hatua ya 1: Kibali na majira

Sweden kila mtu ana haki ya kutembea msituni na kupiga hema usiku mmoja au miwili, lakini haki hiyo haigusi samaki wa mtoni. Nunua kibali, fiskekort, cha kipande kile kile cha mto utakachovua. Vinauzwa kwa siku au kwa wiki, na unaweza kununua kwa simu. Kisome chote: urefu wa chini wa samaki, idadi inayoruhusiwa kwa siku, na miezi iliyofungwa.

Mwezi Mei na Juni theluji inayeyuka na mto unafurika. Usipeleke watoto wakati huo. Julai maji yametulia, ila mbu ni wengi mno. Mimi napendelea Agosti: mbu wamepungua na samaki wamenona.

Hatua ya 2: Vifaa

Ufito wa futi 9, mshipi unaoelea wa namba 5 (namba ni ya uzito wa mshipi), na mwishoni mwake uzi wa nailoni wa futi 9 unaopungua unene hadi milimita 0.16 au 0.18 kwenye ncha. Nzi watatu wanatosha kuanzia: Superpuppan, Klinkhåmer na Red Tag, saizi 12 hadi 16 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo). Klinkhåmer alibuniwa na Mholanzi Hans van Klinken miaka ya 1980 akivua harr Norway, kwa hiyo yuko nyumbani kabisa. Na mjue kwamba nzi wengi wanaouzwa madukani Ulaya wamefungwa na mafundi wa Kenya.

Kabla hujampa mtoto ufito, bana kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale. Ndoana ikimwingia sikioni itatoka kwa urahisi. Kofia na miwani ni lazima kwa kila aliyepo, hata anayetazama tu.

Hatua ya 3: Kuusoma mto

Hapa ndipo naomba mtulie, kwa sababu wageni wengi hukimbilia kutupa mshipi wakati kazi kubwa ni ya macho.

Vindel hauna bwawa la umeme. Mwaka 1970 serikali iliamua usijengewe. Lakini kwa muda mrefu ulikuwa barabara ya magogo. Ili magogo yasikwame, mawe makubwa yaliondolewa na kusukumwa kando, mto ukabaki mfereji wa kasi usio na maficho. Usafirishaji huo ulikoma 1976, na tangu hapo sehemu nyingi zimerudishiwa mawe yake. Tafuta sehemu hizo. Nyuma ya jiwe maji hupunguza kasi, na pembeni mkondo hupita ukibeba vidudu. Harr hukaa karibu na chini, kwenye mpaka wa maji ya haraka na ya polepole, kisha hupanda wima kuchukua chakula juu.

Kaeni ukingoni robo saa kwanza. Mwambie mtoto ageuze jiwe kwenye maji ya kifundo cha mguu: ataona vidudu vilivyojijengea ala za changarawe na vijiti. Vikikua hupanda juu na kupata mabawa, na Superpuppan ameundwa kuviiga. Mtoto aliyeona hivyo anaelewa kwa nini nzi wetu lazima aelee huru.

Hatua ya 4: Kutupa

Mshipi wa mita 6 hadi 8 unatosha. Inua ufito kwa kasi inayoongezeka, usimamishe juu ya bega, ngoja mshipi unyooke nyuma, kisha upeleke mbele na usimame tena. Kungoja ndiko kugumu.

Nzi akitua, asiburutwe. Mkondo ukianza kuvuta tumbo la mshipi, yaani sehemu yake ya kati iliyolala majini, liinue kwa ncha ya ufito na ulilaze upande mto unakotoka. Mshindi si anayetupa mbali, ni yule ambaye nzi wake anateremka kwa mwendo wa povu lililo jirani.

Hatua ya 5: Kuingia majini

Watoto wanavua ukingoni wakiwa na jaketi okozi. Mtu mzima asipite mapaja, afunge mkanda kiunoni juu ya suruali ya mpira, na ashike fimbo ya kutembelea. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda. Maji haya ni baridi hata Agosti. Nguo kavu ziwe karibu, si garini.

Hatua ya 6: Kumshika

Mdomo wa harr ni laini, usimkokote. Tumia wavu wa mkono, lowesha viganja, na umtoe ndoana akiwa bado majini. Wa kumwachia, mshike akiielekea mikondo mpaka aondoke mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Umeå:* Shikamoo mwalimu. Nina watoto wa miaka 6 na 9. Kila mmoja anunue kibali?

Marahaba, dada. Sehemu nyingi mtoto huvua kwa kibali cha mzazi, ila samaki wake wanahesabiwa kwenye idadi yako. Umri hutofautiana kati ya kipande na kipande, kwa hiyo angalia kibali chenyewe. Huyo wa miaka 6, shika ufito naye pamoja.

*Mwanachama, Göteborg:* Kaka, mimi ni wa Kalemie. Kumvua samaki na kumwachia, kwetu wazee wangesema tunachezea chakula. Unasemaje?

Wazee wana haki, ndugu yangu, na mimi sivui bila kula. Lakini kwenye baridi hii harr hukua polepole, na wale wakubwa ndio wazazi wa mto. Chukueni wa jioni hiyo tu, wa saizi ya kati, wakubwa warudi. Nyama yake huharibika upesi: mpasue na umsafishe mara moja, mweke penye baridi, mkaange siku hiyo hiyo kwa siagi na chumvi. Kwa ugali anakwenda vizuri sana.

*Mwanachama, Nyeri:* Nimezoea trauti wa mto Mathioya hapa Kenya, nakuja kumtembelea dada yangu Agosti. Nije na vifaa vyangu?

Karibu sana. Ufito wako utafaa, na nzi wako pia. Ukiona harr amepanda, inua ufito taratibu, usikurupuke. Ila suruali, viatu na wavu vikauke kabisa kabla ya safari. Na mkitaka kuvuka kwenda mito ya Norway, lazima viuliwe vijidudu: kuna kimelea kiitwacho Gyrodactylus salaris, ambacho samoni wa Baltiki wanakistahimili lakini kimeangamiza samoni kwenye mito mingi ya Norway. Omba cheti ukishasafishiwa, mahali pengine watakuuliza.